Sukari Moja Pungufu

Kijijini Bashay, mwanamke akishaolewa haitwi jina lake muda mrefu. Akizaa anakuwa mama wa fulani, na lile jina la ubatizo linabaki kwenye daftari la parokia. Ludovika aliolewa na Basili mwaka themanini na nne, na ulipofika mwaka elfu mbili na tatu alikuwa bado anaitwa Ludovika. Watoto wa majirani walifundishwa kumwita shangazi ili mambo yasiwe magumu. Yeye hakuwa na neno. Aliitikia shangazi, aliitikia Ludovika, na wale wazee waliomwita mke wa Basili aliwaitikia pia.

Mimba zilikuwa tisa, na hakuna iliyovuka mwezi wa nne. Mpaka ya tatu alilia. Kwenye ya nne alikaa akingoja machozi yaje, hayakuja, na tangu siku hiyo ndani yake pakafa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya. Tofauti ni kwamba mguu ukiunyoosha huamka. Aliendelea kulima kitunguu saumu, akawauzia wale wanunuzi wa Arusha waliokuja na malori yao tangu biashara ilipoachiwa huru, akabishana nao bei vizuri tu, akarudi nyumbani akapika. Watu walimsifu kwa moyo mgumu. Walikosea. Moyo haukuwa mgumu, ulikuwa haupo kazini.

Kila mimba ilipotoka, Ludovika aliingia metimani. Kwa mgeni lazima lielezwe neno hili, maana wageni hulicheka kabla ya kulielewa. Wairaqw wa zamani walishika kwamba mwanamke aliyeharibikiwa na mimba amebeba kitu kinachoweza kuhamia nyumba nyingine. Basi hutengwa. Anakuwa na njia yake na mahali pake pa kuchota maji. Hasalimii kwa mkono, haingii kwa jirani, hali na mtu, na ng'ombe wa kwake hawachanganywi na wa wenzake malishoni. Hukaa hivyo miezi mingi. Katekista alihubiri kwamba huo ni upagani mtupu, halafu akitoka kanisani alizunguka njia ndefu asipite karibu na nyumba ya Ludovika. Wala hakuna aliyemtukana. Walimtenga kwa upole, wakamwekea unga na maharage juu ya jiwe, wakarudi nyuma hatua kumi ndipo wakamuuliza ameamkaje. Angetukanwa, pengine angepata la kujibu.

Kwao ilikuwa Nambis. Walizaliwa watatu: Sulle, kaka yao, aliyebaki na shamba la baba, kisha yeye, kisha Agripina, aliyemfuata ziwa. Agripina alikuwa mcheshi, mdomo haukai, na aliolewa mbali, huko Getanuwas upande wa Hanang, na mtu mmoja mpole aitwaye Tluway. Huko nako mimba zikaanza kutoka. Habari zilifika Bashay kwa mdomo wa wapita njia, na kila zilipofika Ludovika alihesabu: yeye tano, mdogo wake mbili.

Mwaka tisini na mbili mama yao akafariki. Ludovika wakati huo alikuwa metimani, na kwa haki asingekwenda msibani, lakini alikwenda. Yeye na Agripina walilala nyumba moja siku tatu, chini ya blanketi moja, wakala sahani moja kama walivyokula utotoni. Miezi miwili baadaye mimba ya Agripina ikatoka, ya tatu.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Si watu wabaya, na tusiwasingizie. Walikuwa na ushahidi mbele yao kama mahakama yoyote: ndugu wawili wa kike, tumbo moja, msiba mmoja, tena walikuwa wamelala pamoja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mmoja wao. Wakaamua kwamba mmoja anampelekea mwenzake. Yupi, Mungu anajua. Basi wasionane tena. Sulle alikubali. Basili alikubali. Na la kusikitisha kuliko yote, Ludovika naye alikubali, tena haraka, kwa sababu aliamini kwamba ni yeye. Alikaa mbali na mdogo wake kwa kumpenda. Kule Getanuwas Agripina alikaa mbali naye kwa sababu hiyo hiyo. Miaka kumi na mmoja ikapita, na hata salamu hawakutumiana, kwa kuogopa kwamba salamu nazo zina njia.

Ndipo ikaja damu.

Ilianza kama hedhi ya kawaida ambayo haikutaka kwisha. Ludovika hakumwambia mtu. Alifunga vitambaa, akaenda shamba, akarudi, akafua, akaenda tena. Mwezi wa tatu alianguka kwenye matuta ya vitunguu, na Basili akambeba kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabarani, kisha kwa gari hadi hospitali moja ya misheni. Karani wa mapokezi alikuwa na fomu za zamani. Alikata neno Arusha kwa rula, akaandika Manyara pembeni, kwa fahari ya mtu aliyepewa mkoa mpya. Alipouliza idadi ya watoto Ludovika alisema hakuna. Alipouliza mimba ngapi alisema tisa. Karani aliinua kichwa, akakishusha, akaandika.

Daktari alimpima akasema ni uvimbe kwenye kizazi. Kizazi chenyewe lazima kitolewe.

"Lakini damu yako ni nne," alisema. "Mwenzako anayetembea vizuri ana kumi na mbili. Nikikupasua na nne utafia mezani. Na nisipokupasua, utaendelea kutoka mpaka iishe. Tafuteni ndugu waje kutoa damu, na waje upesi."

"Sawa," alisema Ludovika.

Basili alimtazama mkewe. Alitaka angalau aogope. Mtu anayeogopa unajua pa kumshika. Akapanda gari la jioni akarudi Bashay.

Kesho yake alikuja na watu kumi na sita juu ya lori la vitunguu. Huo ndio uungwana wa watu wale: mwaka mzima walikuwa hawagusi mkono wake, lakini waliposikia anahitaji damu walipanda lori. Sulle alikuja kutoka Nambis na wanawe wawili wakubwa. Wanaume wakatania kwamba hawaogopi fahali bali sindano. Walijipanga kwenye ukuta wa maabara wakinuka vitunguu saumu mpaka wauguzi wakafungua madirisha.

Fundi wa maabara aliitwa Reginald, kijana wa Rombo aliyepangiwa kazi huko miaka miwili nyuma, mwenye miwani na haraka. Kundi la damu la Ludovika lilikuwa O, la kawaida kabisa, na katika wale kumi na sita wanane walikuwa O pia. Reginald alifurahi. Kisha akafanya kile kipimo cha mwisho, cha kuchanganya kidogo damu ya mtoaji na majimaji ya damu ya mgonjwa, kuona kama zinapatana.

Hazikupatana. Ya kwanza iligandana na kupasuka. Ya pili hivyo hivyo. Akafika ya nane. Akadhani dawa zake zimeharibika, akafungua chupa mpya, akarudia zote, na zote zikakataa. Mwishowe alijichoma kidole mwenyewe, maana naye ni O, akachanganya. Nayo ikakataa.

Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji. Walisema vizuri, ila hakuna aliyewahi kuwaonyesha damu inayokataa kila nyingine duniani.

Reginald alikuja wodini jioni ile amevua miwani. Basili na Sulle walikuwa wamekaa kwenye benchi kando ya kitanda, na muuguzi Judica, mama wa makamo, Mwiraqw wa huko huko, alikuwa akibadilisha shuka.

"Mama, shikamoo," alisema Reginald.

"Marahaba."

"Damu yako ina kitu sijawahi kukiona. Inakataa damu za watu wote. Hata ya kaka yako imeikataa." Akamgeukia Sulle kama anayeomba radhi. "Sasa ipo nafasi moja tu. Ndugu wa tumbo moja. Kitu cha namna hii, kama kipo kwako, kinaweza kuwepo kwa ndugu yako mwingine, na mkifanana hivyo damu zitapatana. Una ndugu mwingine wa baba mmoja na mama mmoja?"

Sulle aliangalia viatu vyake.

"Hapana," alisema Ludovika.

Hakuona kama anadanganya. Neno lilitoka lenyewe, limekwisha kulainika kwa matumizi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amejizoeza kuishi kama mtu asiye na mdogo, na amefanikiwa, kama alivyofanikiwa kuishi kama mtu asiye na mambo mengine mengi. Tena hata angekumbuka, angefanyaje? Amwite Agripina aje kuchukua tena kile kitu? Afadhali damu iishe. Aliwaza hivyo bila uchungu, kama mtu anayewaza kesho atapika nini.

Reginald alisimama, hakuondoka. "Mama, fikiri vizuri. Hapa si pa kuona aibu. Wakubwa wanasema mficha uchi ha..."

Akanyamaza hapo hapo. Methali hiyo kila mtu anaijua mwisho wake: mficha uchi hazai. Judica aliacha shuka. Kijana wa watu alibaki mdomo wazi, masikio yamemwiva, na angeweza angeimeza methali nzima na miwani yake.

"Hazai," alimalizia Ludovika. "Ndivyo ilivyo, mwanangu. Usijali."

Basili ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Mtu yule mkimya, aliyekaa baraza la wazee akakubali, aliinuka kwenye benchi. "Yupo," alisema. "Yupo mmoja. Anaitwa Agripina. Yuko Getanuwas."

"Basili," alisema Ludovika.

"Yupo," alirudia Basili, akatoka nje.

Parokia ilikuwa na redio ya mawasiliano, na usiku haujaingia ujumbe ulikuwa umefika parokia ya jirani na Getanuwas, ukapelekwa kwa baiskeli. Jibu lilikuja asubuhi, nalo lilikuwa la ajabu kidogo: Agripina yuko metimani tangu miezi mitano iliyopita, mimba yake ya saba imetoka, na wakwe zake wamemkataza kutoka. Sulle alisikia akasema basi, jambo limekwisha. Ludovika alisikia akafumba macho. Saba, alihesabu. Mimi tisa, yeye saba.

Siku ya pili yake saa nane mchana Agripina akafika.

Alikuja kwa lori la mnada, amekaa nyuma peke yake pamoja na mbuzi, kwa sababu alimwambia dereva ukweli wa hali yake na dereva naye alikuwa mtu wa huko huko. Alishuka kabla ya geti. Hapo akakwama, kwa hiari yake. Ndani kuna wodi ya wazazi, alimwambia mlinzi, kuna wanawake wajawazito na vichanga vya siku moja. Yeye hawezi kupita karibu yao na alichobeba. Akaenda nje ya uzio, upande wa jiko wanalopikia ndugu wa wagonjwa, akakaa chini kwenye majani.

Reginald alikasirika. "Hii ni hospitali, si kwa mganga," alisema. "Mtu anakufa humu ndani na yeye anaogopa geti?"

"Haogopi geti," alisema Judica taratibu. "Anawaogopea watoto wa watu. Mdogo wangu, chukua kiti na mfuko wako, utoke. Ukimlazimisha ataingia, na yule mjamzito wa kitanda cha tatu ambaye ni wa kwetu atatoroka usiku huu. Utakuwa umepata mfuko mmoja na kupoteza mtu."

Reginald alibeba kiti. Kwanza alichukua damu kidogo, akakimbia nayo maabara. Waliokuwapo pale wanasema alirudi akitembea polepole, kwa hatua za mtu aliyebeba maji yaliyojaa, na hakuwa amebeba kitu.

"Imekubali," alisema. "Mama, imekubali."

Kitanda cha Ludovika kilikuwa dirishani. Judica alimwinua, akamwekea mto mgongoni, akafungua pazia bila kusema lolote. Nje ya uzio, mtu amekaa kwenye kiti cha ofisi katikati ya majani, mkono umenyooshwa, na mpira mwekundu unashuka hadi kwenye mfuko chini. Ludovika hakumtambua mara moja. Alikuwa akitafuta binti wa miaka ishirini na minne mwenye mdomo usiokaa. Aliyekuwa pale alikuwa mwanamke mwembamba, nywele zimeanza mvi juu ya sikio, amenyamaza.

Agripina aliinua kichwa akaona dirisha. Waliangaliana. Mkono mmoja ulikuwa na sindano. Akainua wa pili, akaushikilia hewani. Ludovika alitaka kuinua wake. Aliutazama ukiwa juu ya blanketi. Haukuinuka, na hakujua kama ni upungufu wa damu au ni ile ganzi yake ya siku zote, na hata kutojua huko hakukumuuma. Baada ya muda Agripina alishusha mkono wake.

Alipewa chai ya maziwa kwenye kikombe ambacho baadaye kilitupwa. Lori likarudi naye jioni ile ile. Alitoa mfuko mmoja, na Reginald, ambaye alijua kabisa kwamba damu ya Agripina mwenyewe haikutosha kutoa hata huo, hakulala vizuri wiki nzima.

Ludovika aliongezewa ile damu, akapewa na dawa za kuongeza nyingine, akapasuliwa siku ya tisa, akapona. Kizazi kilitoka na uvimbe wake. Waliporudi Bashay majirani walileta maziwa. Alishukuru kila mmoja. Usiku alijishika tumbo, akapapasa kovu, akasema moyoni kwamba sasa angalau hakutakuwa na ya kumi.

Kule Getanuwas mambo yalikwenda kama ilivyotazamiwa. Agripina alivunja metimani, basi alianza upya, tangu siku ya kwanza, katika kibanda walichomjengea mwisho wa shamba.

Reginald yeye hakuiacha ile damu. Daktari mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao likizo alibeba vichupa viwili, cha Ludovika na cha Agripina, ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Miezi saba ikapita. Siku moja ya Jumamosi pikipiki ikasimama uani kwa Basili, na Reginald akashuka na bahasha. Aliamkia, akaitikiwa, akapewa kiti, akakaa dakika tano nzima akiulizia mvua, maana alikuwa amekwisha kujifunza adabu za huko. Kisha akafungua barua.

"Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe," alianza, "na kila chembe ina ngozi yake. Ngozi hiyo ni ya mafuta. Juu ya mafuta hayo kuna sukari, zimeungwa moja baada ya nyingine. Sasa mwilini kuna fundi wa kuziunga, anaitwa kimeng'enya, na fundi hafanyi kazi bila maagizo. Maagizo hayo ndiyo jeni. Hii wameitaja hapa kwa jina: A4GALT."

"Kama namba ya gari," alisema Basili.

"Kama namba ya gari. Kila mtu hupata nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Baba yenu alikuwa na moja mbovu, mama yenu naye moja mbovu. Wao hawakuumwa, kwa sababu ile nzima ilitosha. Sulle akabahatika. Wewe mama ulipata mbovu zote mbili, na Agripina hivyo hivyo. Fundi hakuzaliwa. Sukari moja ya mwisho haikuwekwa."

"Ndiyo ugonjwa?" aliuliza Ludovika.

"Si ugonjwa. Unaishi bila hiyo sukari hata miaka mia. Shida ni kwamba damu yako haijawahi kuiona, kwa hiyo ikiikuta kwa mtu mwingine inaichukulia kuwa adui, inaipiga. Ndiyo maana ilikataa watu wote. Na mtoto..." Akasita, akiwa ameshaumwa na ulimi wake mara moja. "Mtoto huirithi kwa baba yake. Kondo linalomshikilia tumboni limejaa hiyo sukari. Damu yako ikaliona, ikalipiga."

Kuku alipita katikati yao.

"Basi ni mimi niliyewapa hiyo sukari," alisema Basili.

"Mwanamume yeyote, mzee. Ungeolewa na mimi, mama, ingekuwa hivyo hivyo. Ungeolewa na nani. Nchi nzima hii sijui kama tutapata wa tatu wenu." Akakunja barua. "Na jambo hili haliambukizi. Hilo wameandika. Kila mmoja wenu alizaliwa nalo. Wanasema pia wenzetu Ulaya huwa wanaichuja damu ya mama kwa mashine, kila wiki, tangu mimba ikiwa changa, na wengine huzaa. Mashine hiyo mimi sijaiona. Ninachoweza kukuambia ni hiki: ukipatwa na jambo, damu yako iko Getanuwas. Na yake iko hapa. Msikae bila kupashana habari hata wiki moja."

Ndiyo kusema wazee waliwatenganisha watu wawili pekee ambao hawakuwa na la kudhuriana. Ukimwambia mtu hivyo leo atakujibu kwamba hawakujua, na ni kweli hawakujua. Basili aliinama akashika kichwa, mabega yakamtikisika. Ludovika alimwekea mkono mgongoni kama anavyomtuliza ndama, akawaza kwamba ingefaa na yeye alie. Alingoja. Akaona heri aandae chakula cha mgeni.

Jumatatu alipanda basi hadi Katesh, na kutoka Katesh akapanda lori. Alikuwa na barua ndani ya kitambaa kifuani. Tluway, shemeji yake, alimkuta njiani, akamwamkia, akamwonyesha kwa kidole mwisho wa shamba, hakumsindikiza.

"Hodi," alisema Ludovika.

"Nani?" Kisha, kabla hajajibu: "Dada, usiingie. Mimi bado."

"Najua," alisema Ludovika, akainama, akaingia.

Agripina alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ludovika alikaa juu ya ngozi ya ng'ombe aliyoikuta hapo, akatoa barua, akaeleza yote kama alivyoelezwa: mafuta, sukari, fundi, maagizo mabovu mawili. Alikuwa na kichwa kizuri tangu shule, hakusahau hata lile jina la namba ya gari. Alimwambia na habari ya mashine ya Ulaya. Agripina, mwenye miaka thelathini na mitano, alisikiliza bila kukatiza, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani mwake.

"Kwa hiyo si mimi niliyekuwa nakupelekea," alisema mwishowe.

"Si wewe."

"Wala si wewe uliyeniletea."

"Wala si mimi."

Agripina alitikisa kichwa polepole, akisogea kidogo kutoka ukutani. Ludovika aliona kuna jambo bado, na kwamba asipolisema sasa hatalisema tena. "Waliponiuliza hospitali kama nina ndugu mwingine," alisema, "nilisema sina. Ni Basili aliyekutaja. Mimi nilikukana."

Agripina hakukasirika. Aliangalia mikono yake.

"Mimi nilisema umekufa," alisema. "Kliniki ya Katesh, mwaka tisini na sita. Muuguzi aliuliza una dada, nikasema nilikuwa naye, akafa. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza. Halafu nikaona ni dhambi kukuacha hivyo hivyo, nikakuombea misa. Kila mwaka, dada. Siku ya marehemu wote padri anasoma majina, na wewe umo, baada ya mama. Mimi nakaa nyuma kabisa mlangoni, nalia, na watu wananipa pole."

"Miaka mingapi?"

"Saba."

Ludovika alijaribu kuliona kanisa lile asilolijua, na padri anamsoma, na mdogo wake amekaa nyuma peke yake akimlilia, huku yeye yuko hai, mahali pasipozidi mwendo wa siku moja, anapalilia vitunguu na haumwi chochote. Aliisubiri ganzi ije imfunike kama ilivyozoea. Haikuja. Kilichokuja kilianzia chini ya kovu, kikapanda, na kilikuwa kinauma, kwa ajili ya Agripina, kwa ajili ya mama yao, kwa ajili ya watoto wote kumi na sita, tisa wake na saba wa mdogo wake. Akasogea mpaka ukutani, akamshika mdogo wake mkono, akalia kwa sauti mpaka watu wa nyumba kubwa wakasikia.